Duka la simu Mlandege ambalo unaonyeshwa namba kabla hujatoa pesa

Asalaam alaykum. Wiki mbili sasa nataka kuandika hii kila siku napata wageni, leo wametoka wote naandika. Ni duka moja la simu pale Mlandege, Unguja mjini, dogo tu, halina bango la maana, watu wanaliita kwa mzee wa redio kwa sababu mwenyewe zamani alikuwa fundi redio. Nimenunua hapo simu ya mwanangu anaanza chuo kikuu, SUZA, mwaka huu. Naliandikia kwa urefu maana mie na simu feki tuna yetu.

Nianze na yangu ya 2016 ili mnielewe kwa nini namsifu huyu mzee.

Wakati ule nlikuwa nauza madera na kanga kwa oda, namba za wateja wote zimo kwenye simu, napiga picha natuma WhatsApp, mtu anachagua, jioni mpwa wangu anapeleka na vespa. Simu nlinunua duka moja mjini silitaji, 250,000, mgongoni imeandikwa Samsung, boksi lina plastiki yake kila kitu, muuzaji ananiambia hii orijino dada, imetoka Dubai. Sasa tangu mwezi wa kumi na mbili 2015 redioni wanatangaza kwamba TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wameweka mtambo wa kutambua namba za utambulisho za simu na ikifika tarehe 16 Juni 2016 usiku wa manane simu feki zote zinazimwa. Matangazo nliyasikia, miezi sita nzima. Sikushughulika. Mie nlijua feki ni vile vitochi vya laini nne na antena ya tv, sio yangu mie niliyotoa laki mbili na nusu.

Tulikuwa ndani ya Ramadhani, kumi la kwanza ndio limekwisha. Naamka daku nataka nimpigie dada yangu Kwarara nimwamshe, simu haina mtandao. Nkazima nkawasha. Nkatoa laini nkaipangusa na kanga nkairudisha. Nkatia laini ya mume wangu, vile vile. Laini yangu tukaitia kwenye kitochi cha mama mkwe, inapiga hiyo bila taabu. Hapo mume wangu akaniambia, mke wangu, hii ndio imezimwa.

Kulipokucha akabonyeza *#06#, zikatoka tarakimu kumi na tano, akaziandika kwenye karatasi akazituma 15090, namba ya TCRA ya kuhakiki simu, kwa simu yake. Jibu likaja Nokia. Mkononi nimeshika simu ya kupangusa ina SAMSUNG kubwa mgongoni na serikali inaniambia hii Nokia!

Baadae ndio nikafahamishwa. Ile namba wanayoiita IMEI tarakimu nane za mwanzo zinasema simu ni ya kampuni gani na ni aina gani, sita zinazofuata ni za simu hiyo moja peke yake, ya mwisho ni ya kuhakiki kama hesabu imekaa sawa. Wenye kutengeneza feki hawapewi namba hizo kwa hiyo wanakwenda kuchukua namba ya simu nyengine iliyo halali wanaigonga kwenye simu zao maelfu. Yangu walinichukulia ya Nokia ya mtu.

Nkarudi dukani nikiwa na funga yangu na jua lile. Muuzaji akaniambia dada sisi tunauza tu, waliozima ni serikali nenda serikalini. Na risiti aliyonipa ni kikaratasi kimeandikwa simu 1 250,000, jina la simu hakuna, namba hakuna, muhuri hakuna, niende nacho wapi? Watu watatu walikuwa washanipa advansi ya madera ya sikukuu na namba zao nlihifadhi kwenye simu yenyewe sio kwenye laini, wakipiga sipatikani wiki nzima mpaka nkapata kitochi cha kuazima, na hata nilipopata nani namjua namba kwa kichwa. Wawili walinifuata mpaka nyumbani nkawapa vitu vyao. Yule wa tatu aliamini nimemla pesa, alikuja siku moja kabla ya Idi akachukua dera lake bila ya kuniangalia, hajanisalimu mpaka leo, tukikutana sokoni anageuza uso.

Sisemi serikali ilikosea kuzima. Kenya walizima za kwao tangu 2012 na sababu yao inaeleweka, simu elfu zikiwa na namba moja basi mtu akikuibia au akikutumia ujumbe wa kukutishia hajulikani ni yupi. Lakini mie naliona hivi na nalisema wazi, sheria ilinikuta mie wa mwisho kabisa kwenye mstari, niliyekwisha kulipa. Aliyeileta pesa yake anayo. Aliyeniuzia pesa yake anayo na duka lake halikufungwa hata siku moja, mwezi ule ule nilimkuta anauza. Kilichozimwa ni changu.

Sasa nije kwa mzee.

Tumeingia mie na mwanangu Alhamisi baada ya laasiri. Nkamwamkia shikamoo ami, marahaba mwanangu karibuni. Yupo yeye na binti yake, binti ndio anayeuza, mzee anakaa nyuma kwenye meza ya ufundi na taa yake na miwani puani. Mwanangu ashachagua simu yake tangu nyumbani, Tecno, rafiki yake anayo. Binti akasema 390,000. Nkashtuka maana kwenye maduka tuliyopita tumeiona 350,000 na mmoja hata 310,000, boksi hilo hilo rangi hiyo hiyo. Nkamwambia ami mbona kule laki tatu na kumi?

Hakukasirika wala hakuwasema vibaya wenzake. Akasema, mwanangu, rudi kule mwambie akubonyezee nyota reli sifuri sita reli mbele yako kabla hujampa pesa. Akikubali, nunua kule kule, utakuwa umefaidi.

Nkatoka kweli nkaenda, mwanangu anaona haya ananivuta mkono, mama twende tu. Yule wa 310,000 akaniambia dada boksi likishafunguliwa halirudi, toa pesa kwanza ndio tufungue. Nkamwambia basi nisomee namba ya nje ya boksi tu niitume. Akaanza kumhudumia mtu mwengine kama hajanisikia. Tukarudi kwa mzee.

Binti akakata plastiki kwa wembe mbele yetu, akawasha simu, akabonyeza. Zikatoka namba mbili maana simu ya laini mbili. Akampa mwanangu akamwambia soma kwa sauti. Mwanangu anasoma ya kwenye skrini mie nafuata kwa kidole ya kwenye stika ya boksi, moja moja, kumi na tano, halafu nyengine kumi na tano. Nilipopotea katikati akasema tuanze upya hakuna haraka. Zikalingana. Halafu akaituma 15090 kwa simu ya duka, jibu lilipokuja hakutusomea, alitugeuzia simu tusome wenyewe. Jina la kampuni ndio hilo, modeli ndio hiyo. Ndipo akasema haya sasa pesa.

Na risiti. Jina la simu, namba zote mbili za IMEI zimeandikwa kwa mkono kwa kalamu nyeusi, tarehe, bei, muhuri wa duka, geranti miezi sita. Mie niliyerudi dukani 2016 na kikaratasi, nliishika ile risiti nkaiangalia mpaka mwanangu akaniuliza mama vipi. Nimeitia kwenye bahasha moja na cheti chake cha kuzaliwa.

Tuko pale pale kaingia kijana na simu yake imefungwa mtandao, anataka mzee ambadilishie IMEI, anasema kuna fundi mwengine kamwambia elfu ishirini lakini anamuamini mzee zaidi. Mzee hakuinua hata kichwa, akamwambia mjomba hiyo siigusi. Kijana akasema lakini ami si namba tu. Mzee akavua miwani ndio akamtazama, akamwambia hiyo namba ndio simu yenyewe, ukiitoa hujui tena umeshika kitu cha nani, na mie sheria inanijua kwa jina. Ni kweli, sheria ya mawasiliano ya 2010 kubadilisha IMEI ya simu ni kosa, anapata kesi fundi na mwenye simu. Kijana katoka anaguna. Mzee kakosa elfu ishirini yake mbele ya macho yangu na biashara ilivyo ngumu hivi.

Halafu tukaja kwenye chaja, na hapa ndio nilijifunza zaidi kuliko kwenye simu.

Nlitaka chaja ya pili abaki nayo dakhalia. Mzee akaniita mezani kwake akaniambia fumba macho nyoosha mikono. Akaniwekea chaja moja kila mkono. Ipi nzito? Ya kulia. Fumbua. Zinafanana mpaka zinatisha, nyeupe zote, maandishi yale yale, ila ukiisogeza kwenye taa ile nyepesi herufi zake zimevimba kidogo kama wino umeenea na kuna neno limekosewa herufi moja. Akachukua bisibisi akaifungua ile nyepesi. Ndani karibu tupu, kibao kidogo na vidude vitano sita vimelegea. Akanionyesha kwa ncha ya bisibisi, huku unaingia umeme wa ukutani, volti 230, huku unatoka mdogo wa kwenda kwenye simu, na katikati lazima pawe na nafasi ya kuvitenga visikutane. Kwenye ile feki nafasi yenyewe ilikuwa unene wa ukucha. Akasema mwanangu hii siku umeme ukirudi kwa nguvu, ule wa ukutani unaweza kuruka ukaja kwenye waya aliokamata mtoto. Nlifikiria wangapi wanalala na simu kitandani inachaji chini ya mto, na mwanangu mmoja wao.

Simu ina namba kwa hiyo serikali imeweza kuikamata ikiwa mkononi mwako hata ukiwa Micheweni kule Pemba. Chaja haina namba kama hiyo. Chaja haizimwi kwa mtambo, chaja lazima mtu ainuke aende bandarini na dukani aishike kwa mkono kama alivyonishikisha mzee. Na sio kwamba sheria hatuna. Tuna ZBS wa viwango tangu sheria ya 2011, tuna Tume ya Ushindani Halali wa Biashara kwa sheria ya 2018 ambayo ndiyo ya kumlinda mnunuzi, bara wana FCC yao. Vyombo vipo, majina yapo. Mie ninachotaka ni kuwaona Mlandege siku ya kawaida, sio siku ya kamera, waingie duka moja moja na bisibisi.

Haya mambo ya alama nayajua kwa sababu siku hizi siuzi madera tena, natengeneza udi. Udi wa sukari, natia kwenye vichupa, nimechora lebo yangu mwenyewe ya ua la asumini. Mwaka jana nkakutana na kichupa changu sokoni ambacho sio changu, ua langu, mpaka kijani cha majani, wameskani stika wamechapisha upya na ndani udi unatoa moshi mweusi unakwangua koo. Wateja wangu wawili walinunua wakanipigia kunilaumu. Nililia siku ile, wallahi. Ndio nkaanza kuuliza. Nikafahamishwa kwamba mchoro wangu hakimiliki yake ninayo tangu siku niliyouchora, sheria yetu ya hakimiliki ni ya 2003, lakini jina na alama ya biashara ni kitu chengine lazima uisajili, na usajili wa Zanzibar ni wa Zanzibar. Bara wana BRELA, sisi tuna BPRA na sheria yetu ya 2008, daftari mbali mbali. Ukisajili Dar peke yake alama yako haikulindi Unguja na ukisajili Unguja haikulindi Dar. Nchi moja lakini mwenye kuigiza anavuka kwa boti masaa mawili tu na mwenye alama anatakiwa alipie ofisi mbili. Nimeanza na hapa kwetu, ya bara Inshaallah nikipata. Kwa hiyo nikiona mtu kama huyu mzee anayekataa kuuza kopi ya mtu asiyemjua, kampuni iko China huko wala haitomshukuru, mie inanigusa.

Na jengine. Kwake huingiziwi nyimbo kwenye memori. Kuna maduka kibao unatoa elfu tatu unajaziwa memori nzima, taarab, singeli, kaswida, filamu, unachotaka. Mwanangu aliuliza, mzee akasema hapa hatufanyi. Nkadhani hana kompyuta ya kazi hiyo. Kumbe kaka yake alikuwa mpiga fidla kwenye taarab miaka mingi, keshafariki, na mzee akaniambia kwa sauti ya chini tu, nyimbo za marehemu ziko kwenye memori za daladala zote za mjini, nikikaa kwenye gari namsikia anapiga, na watoto wake hawajaona hata mia. Binti alikuwa anasikiliza, akainama akawa anapanga makava ambayo yalikuwa yashapangika. Nyimbo nayo haina namba kama hiyo ya kuizima.

Mabaya yapo na nitayasema. Ukienda jitayarishe kusubiri, kila simu inahakikiwa vile kwa hiyo mbele yako wakiwa watatu ni saa nzima, na kuna kibenchi kimoja tu cha watu wawili, nlimuona mama mjamzito amesimama mpaka kijana mmoja akampisha. Bei hazijaandikwa, lazima uulize moja moja, hilo silipendi duka lolote. Ni ghali, 80,000 zaidi ya yule wa bei ndogo ni pesa nyingi kwa mtu wa kawaida na sitojifanya haikuniuma, ililiwa kwenye pesa ya godoro. Simu za yuzdi anazo chache sana. Earphone ukishafungua hairudi hata kama upande mmoja hausikiki, mie nimeona mtu kakataliwa na nadhani pale mzee angeangalia upya. Ijumaa wanafunga mapema na mchana kila sala wanafunga robo saa, kwa hiyo panga wakati wako. Wanapokea pesa taslimu na kwa simu.

Kwa mtu anayetaka bei rahisi siku hiyo hiyo na aondoke, duka hili litamchosha. Kwa mtu anayemnunulia mzazi wake simu au mtoto anakwenda skuli, au anayeitegemea kwa biashara kama nlivyokuwa mie, nenda hapo. Nampa nyota nne, ya tano naizuia mpaka aandike bei zake.

Nlirudi wiki iliyofuata kubandika protekta na nkachukua ile simu yangu ya 2016, bado nlikuwa nayo, watoto walikuwa wanachezea gemu na kumulikia tochi umeme ukikatika. Mzee akaifungua mgongo akatoa betri. Chini yake kuna stika ya namba. Akaikwangua pembeni kwa ukucha taratibu, ikainuka, na chini yake kuna stika nyengine na namba nyengine. Miaka yote ile nilikuwa nayo ndani ya nyumba sikuwahi kutazama. Akaniuliza kama naihitaji, anataka kuiweka kwenye kioo cha mbele imefunguliwa hivyo hivyo na stika zake mbili, wateja wakimuuliza kwa nini anawachelewesha awaonyeshe. Nimemwachia. Ukienda utaikuta mkono wa kushoto, ina mkwaruzo kwenye kona ya juu.